Jinsi ya Kufundisha Kuzungumza Mbele ya Watu Bila Mtu Kuzungumza

Hongera kwa kupangiwa kozi ya stadi za mawasiliano. Najua hukuiomba, haiombwi. Wenzako wamegawiwa fonolojia na fasihi linganishi, madarasa ya watu thelathini wanaojua walichokifuata, na wewe ukabakiziwa mwaka wa kwanza mzima: wahandisi, wahasibu, wanasheria, watu wa kilimo, na wale waliojaza kozi yoyote kwa sababu dirisha la maombi lilikuwa linafungwa saa sita usiku. Tuseme ni mia sita. Mtaala unadai kwamba mwisho wa muhula kila mmoja awe anaweza kuzungumza mbele ya watu kwa kujiamini. Mwongozo huu utakuonyesha namna ya kuwafaulisha wote pasipo hata mmoja kuzungumza, na pasipo watu kuwapo mbele yake. Zamani jambo hili lilihitaji juhudi. Sasa tuna vifaa.

Anza kwa kumjua mwanafunzi wako, na usihadaike na ukimya wake wa wiki ya kwanza. Huyo amekulia ndani ya maneno. Shule ya msingi alighani ngonjera mbele ya mkuu wa wilaya siku ya mahafali, mikono ikikata hewa. Sekondari alisimama kwenye mdahalo kutetea hoja kwamba elimu ni bora kuliko mali, akaanza na mheshimiwa mwenyekiti, katibu, mtunza muda na wapinzani wangu wasio na hoja. Wiki iliyofuata akahamia upande wa mali, na akashinda kote kuwili. Kanisani anasoma matangazo, au madrasani kapanda jukwaani kwenye Maulidi. Likizo yuko Kariakoo anauza viatu vya mtumba, na pale usipojua kumwita mteja aliyekwisha kukupita unarudi nyumbani na mzigo wako. Dada yake akiolewa, yeye ndiye katibu wa kikao, anayewabana watu wazima waliotoa ahadi mpaka wanazilipa. Ukimwachia mtu wa namna hii nafasi, anaweza kuzungumza. Kozi nzima itavurugika.

Dawa ni kufanya kana kwamba hayo yote hayakutokea. Slaidi ya kwanza weka mchoro. Unaujua: kisanduku cha mtuma ujumbe, mshale, kisanduku cha mpokeaji, na kelele katikati. Huna haja ya kuwaambia kwamba chanzo chake ni Claude Shannon, mwaka 1948, aliyekuwa katika maabara za kampuni ya simu ya Bell akishughulika na kiasi gani cha ujumbe kinaweza kupita kwenye njia ya mawasiliano, na kwamba mwanzoni kabisa mwa makala yake alisema wazi kuwa maana ya ujumbe haihusiani na tatizo la kihandisi alilokuwa analitatua. Ukilisema hilo, mtu anaweza kuuliza mbona kozi ya binadamu kusema na binadamu imeanzia kwenye waya.

Slaidi ya pili weka duara la rangi tatu: maneno asilimia 7, sauti asilimia 38, uso na mwili asilimia 55. Duara hili limetokana na majaribio ya Albert Mehrabian ya mwaka 1967, ya maabara, ambamo watu walisikiliza neno mojamoja na kutazama picha za nyuso, kisha wakakisia kama anayesema anapenda au anachukia. Mehrabian mwenyewe amekwisha kuonya kwamba hesabu hiyo haihusu mazungumzo yote. Usijali. Duara lina faida kubwa kwako: likishakubalika kwamba maneno ni asilimia 7 tu, hakuna atakayekuuliza kwa nini muhula umekwisha na wanafunzi hawajasema neno. Mbishi akijitokeza, mwambie aitafute YouTube hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Mei Mosi 1995 pale Mbeya, azime sauti, aitazame. Kwa mujibu wa duara atakuwa ameielewa zaidi ya nusu.

Lugha ya slaidi ni Kiingereza. Hilo hukulichagua wewe, lakini linakusaidia kuliko unavyodhani. Aliyepitia shule ya msingi ya serikali alisoma miaka saba kwa Kiswahili, akageuziwa lugha kidato cha kwanza, na tangu hapo Kiingereza kwake ni kitu cha kuandikwa kwenye karatasi ya majibu, mwalimu akiwa mbali. Mwite asimame azungumze: ataiona sarufi kwanza, kisha vicheko vya mabenchi ya nyuma, kisha wewe. Atakaa. Andika kwenye ripoti kwamba wanafunzi wa siku hizi hawajiamini.

Sasa hesabu, maana mkuu wa idara atakuuliza. Wanafunzi mia sita, kila mmoja dakika tano tu za kuzungumza, ni dakika 3,000, yaani saa 50. Muhula wa wiki 15 wenye mihadhara ya saa mbili kwa wiki una saa 30. Kwa hiyo hata ukifungwa mdomo kuanzia siku ya kwanza, usifundishe lolote, usiite mahudhurio, projekta isigome na umeme usikatike, bado ishirini hazipo. Mwenye roho nyepesi angeiona hesabu hii akalia, au angedai wasaidizi kumi na vyumba kumi. Wewe utaitumia kama kinga. Unda makundi arobaini ya watu kumi na watano. Katika kila kundi mmoja atazungumza, wawili watakuwa wameandaa slaidi, mmoja ametoa hela ya kuchapa steshenari, na kumi na mmoja wameandikwa majina. Mazungumzo yatakuwa kusoma slaidi kwa mgongo, yaani msomaji akiwa ameelekea ukutani, na yatafungwa kwa slaidi yenye neno la shukrani na maua. PowerPoint iliingia sokoni mwaka 1987 ikiwa ya kompyuta za Macintosh, ikiwa na nia njema kabisa ya kumsaidia mzungumzaji. Sasa mzungumzaji ndiye anayeisaidia: anabonyeza.

Hata hivyo, katika ukumbi halisi bado kuna hatari. Kuna joto, kuna macho, kuna yule binti wa mstari wa tatu anayetikisa kichwa kukubali, na mzungumzaji akimwona tu, anaacha slaidi na kuanza kumweleza yeye. Nimeliona likitokea. Mtu aliyekuwa anasoma nukta ya nne ya slaidi ya sita ghafla anazungumza, na huwezi kumzuia bila kuonekana mkorofi. Kwa miaka mingi tatizo hili halikuwa na tiba.

Tiba ilikuja Machi 2020, vyuo vilipofungwa kwa ajili ya korona. Tanzania vilifunguliwa tena tarehe 1 Juni mwaka huohuo, lakini Zoom na Google Meet hazikurudi zilikotoka, na unapaswa kushukuru. Hamishia kozi mtandaoni kila upatapo kisingizio: ukumbi umechukuliwa na mahafali, mvua imenyesha, uko safarini, una homa. Toleo la bure la Zoom hukata mkutano ukifika dakika 40. Hakuna kamati ya ratiba iliyowahi kumfadhili mwalimu kwa namna hiyo.

Mtandaoni, kanuni ya kwanza ni kuwaamuru wote wazime maiki, kwa ajili ya utulivu. Kanuni ya pili ni kuwaruhusu wazime kamera, kwa ajili ya bando. Ukishafanya hivyo umebaki na miraba myeusi yenye majina, na majina yenyewe ni Tecno, Infinix, Redmi, Galaxy na mtu mmoja anayejiita Baba Lao. Mwambie mwanafunzi ajizoeze kutambua itifaki mbele ya hadhira hiyo. Ataanza na mheshimiwa, atatazama orodha, atasita. Galaxy ni mkubwa kwa Infinix? Nani mgeni rasmi? Atasema itifaki imezingatiwa, na hiyo itakuwa sentensi yake ya kwanza na ya mwisho ya uhakika.

Fundisha pia kumtazama msikilizaji machoni. Mtandaoni ni rahisi: ili watu wakuone unawatazama, tazama kitundu cha kamera, ambako hakuna mtu. Ukiwatazama watu wenyewe kwenye kioo, wao watakuona umeinamisha macho kama mkwe mpya. Mzungumzaji mzuri wa mtandaoni, kwa hiyo, ni yule asiyemtazama mtu yeyote. Kanuni hii andika kwa herufi nene, maana itatoka kwenye mtihani.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu pana utamu. Mzungumzaji wa kwetu haanzi kwa kuzungumza. Anaanza kwa kuitikiwa. Bibi akisema paukwa, hasogei mpaka asikie pakawa. Mchungaji akisema Bwana asifiwe na akaitikiwa kinyonge, hurudia, safari hii kwa sauti yenye lawama ndani yake. Shehe ana salamu yake, mwanasiasa ana hoyee yake, MC wa harusi anaomba makofi ya kilo tatu kabla hajasema maharusi wako wapi. Wote hao wanafanya kazi moja: wanaupima ukumbi. Kwa mwitikio mmoja wanajua wangapi wako nao, upande gani umelala, nani kaja na kinyongo, na kama chakula kimechelewa. Asiyejua kuitika hajui pia kuhutubia, na hakuna aliyelazimika kutufundisha hilo kwa slaidi.

Sasa, mwitikio una mwendo wake. Tanya Stivers na wenzake walipima mazungumzo katika lugha 10 na kuchapisha matokeo mwaka 2009: tangu swali linapoisha hadi jibu linapoanza, wastani ni kama moja ya tano ya sekunde. Bando la usiku la mwanafunzi halina haraka hiyo. Mwambie afungue hotuba yake kwa paukwa kwenye Zoom. Paukwa itaondoka Mbagala salama, itatua kwa Tecno mara moja, kwa Redmi baada ya sekunde mbili, na kwa Galaxy haitatua kabisa. Mmoja ataandika pakawa kwenye chati. Mwingine atawasha maiki kuitikia na sote tutamsikia kondakta akitangaza Buguruni. Watu wengine mia tano na kitu watakuwa wameitika vizuri sana, kwa moyo, maiki zikiwa zimezimwa kama ulivyoagiza. Mzungumzaji atasubiri. Atauliza kama anasikika. Ataulizwa kama anawasikia. Kufikia hapo dakika zake tano zimekwisha, na wewe umekamilisha somo la mawasiliano bila mawasiliano yoyote kuponyoka.

Kisha kuna suala la kioo. Plutarch anasimulia kwamba Demosthenes wa Athens, aliyekuwa na ulimi mzito na pumzi fupi, alijizoeza kusema akiwa na vijiwe mdomoni, alihutubia akipanda mlima, na nyumbani alikuwa na kioo kikubwa alichosimama mbele yake akifanya mazoezi. Wasimulie wanafunzi, wanapenda habari za vijiwe. Usiwaambie tu kwamba Demosthenes alipokwenda kwenye baraza la wananchi kioo alikiacha nyumbani. Zoom humletea mzungumzaji kioo chake barazani: muda wote anaohutubia anajiona yeye, pua yake, kola yake, pazia la hosteli nyuma yake. Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford aliandika mwaka 2021 kwamba kujitazama huko kwa saa nyingi ni moja ya mambo yanayochosha kwenye mikutano ya video. Kuna kitufe cha kujificha usijione. Usiwaonyeshe. Mtu anayejitazama hawezi kuwatazama wengine, na sisi hatutaki awatazame.

Ukiona Zoom nayo ina msukosuko, njia safi kuliko zote ni video. Agiza kila mwanafunzi ajirekodi dakika tatu na kuituma. Kwa agizo hili moja utakuwa umeliondoa neno watu kwenye kuzungumza mbele ya watu, na hakuna atakayegundua. Wataazimana koti moja la suti. Utalitambua kwa kifungo cha pili kilichokatika, likipita kwa mhandisi, kwa mhasibu na kwa mwanasheria, likiwa kubwa kwa huyu na la kubana kwa yule. Wataandika hotuba kwenye karatasi na kuibandika nyuma ya simu, na utaona macho yakisafiri kushoto kwenda kulia. Akikosea atarudia. Atarudia mara kumi. Ataituma ile ambayo ndani yake hakuna lililotokea: hakuna aliyecheka pasipotarajiwa, hakuna mtoto aliyelia, hakuna mzee aliyeinua mkono kusema hilo sikubaliani nalo. Kisha WhatsApp itaibana video mpaka uso uwe na miraba, na wewe utasahihisha matumizi ya uso.

Kuhusu ile hotuba yenyewe, tangu ChatGPT itoke tarehe 30 Novemba 2022 usijisumbue kuuliza nani kaiandika. Utaifahamu kwa mwanzo wake: je, umewahi kujiuliza? Utasikia swali hilo kutwa nzima, mpaka uanze kujiuliza. Itafuatiwa na mambo matatu, kila jambo likiwa na sababu tatu, na mwisho kutakuwa na wito wa kushikana mikono kwa ajili ya kesho iliyo bora. Ukiagiza hotuba ya kumuaga mpendwa, utaletewa babu wa Sumbawanga, mkulima wa mahindi, akisifiwa kwa uongozi wenye maono na ubunifu endelevu. Sarufi haina doa. Mpe alama za juu, maana fomu yako ya kusahihishia ina kisanduku cha utangulizi unaovutia, kisanduku cha mpangilio na kisanduku cha hitimisho lenye nguvu, na vyote vimejaa. Haina kisanduku kinachouliza hotuba hii anaambiwa nani. Kama kingekuwapo, mashine ingeanguka, lakini na wewe ungelazimika kumtafuta huyo anayeambiwa, umkalishe kitini, umpe na soda.

Wapo watakaokushawishi utumie mashine upande wa pili pia. Klabu za Toastmasters, zilizoanzia California mwaka 1924, humpa mwanachama mmoja kazi ya kuhesabu kila aa na ee ya mzungumzaji. Siku hizi PowerPoint yenyewe ina kocha anayehesabu, na anakuambia kama unakwenda mbio. Ni kifaa kizuri, nasema bila kejeli, kwa mtu aliye peke yake chumbani usiku. Lakini mlete mshenga mbele yake. Mshenga mahiri akifika kwa wakwe anasema yaani, anasema nanihii, anakohoa, anarudi nyuma, anataja mvua. Mashine itampa sifuri. Wakwe watampa mke, na wakati mwingine watampunguzia mahari.

Tumefika kwenye mtihani, na hapa mila yetu ni imara kuliko teknolojia yoyote. Mtihani wa kuzungumza ni wa kuandika. Saa tatu, viti vimetenganishwa, simu zimekusanywa mlangoni. Swali la kwanza: taja na ueleze sifa tano za mzungumzaji bora. Msimamizi atatangaza kwamba atakayefungua mdomo atatolewa nje na jina lake litapelekwa kwenye kamati ya nidhamu. Mwanafunzi atakayepata A ni yule aliyekariri desa la mwaka juzi, na atastahili, kwa kuwa maswali nayo ni ya mwaka juzi.

Matokeo yakibandikwa, mtu atagonga mlango wako. Ni yule kijana wa viatu vya Kariakoo, ana sapu kwenye kozi yako. Ataingia, atakuamkia shikamoo mwalimu, atasubiri uitikie, na kwa mwitikio wako atajua una dakika ngapi na hali yako ya moyo ikoje. Ataulizia afya yako, atagusia foleni ya Ubungo, mtacheka kidogo. Kisha ataweka hoja yake mezani kwa Kiswahili kilichonyooka: jaribio la kwanza alipata kadhaa, la pili kadhaa, kazi ya kundi aliwasilisha yeye na ushahidi ni huu kwenye simu, sasa hii jumla imepatikana wapi? Atanyamaza mahali pa kunyamaza. Ukijitetea atakupisha, atakubali nusu ya ulichosema, atakurudishia nusu nyingine ikiwa imegeuka swali. Wenzake wawili waliosimama mlangoni watakuwa wanaitika mm, mm, kila afikapo pazuri.

Msikilize mpaka mwisho, usimkatize. Halafu mwambie malalamiko hayapokelewi kwa mdomo. Akajaze fomu ya mtandaoni, kwa Kiingereza, isizidi maneno mia mbili.